Mwisho wa Reli: shajara ya mwaka mmoja na Kidato cha Pili B

Nafundisha Fizikia katika shule ya kata pembezoni mwa mji wa Morogoro. Kidato cha Pili B wako 68 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini na kitu. Nyuma kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo, kuna meza ambazo wanafunzi wenyewe wameziita Mwisho wa Reli. Reli ya Kati inaishia Kigoma. Somo, wanasema, linaishia meza ya nne kutoka mbele.

Naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na makosa na shilingi zilizotoka mfukoni mwangu, ili mwalimu mwingine akitaka kuiga asianzie pale nilipoangukia mimi. Majina ya wanafunzi nimeyabadilisha yote.

8 Januari 2024. Nilichokikuta

Nimepewa 2B baada ya mwalimu wao kuhamishwa. Ofisini nimepewa pole, hakuna aliyenipa hongera.

Mwalimu wa nidhamu kanifungulia kitabu cha adhabu. Utaratibu unasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila tukio liandikwe. Kuandikwa kumenisaidia: nimeona majina kumi na moja yanayojirudia tangu Kidato cha Kwanza, na jina moja lina mistari tisa. Mgonjwa aliyemeza dozi ileile mara tisa bila nafuu, hospitalini wangemrudisha maabara. Nami nimeamua kuanza na vipimo.

Ratiba yangu nao: vipindi viwili mfululizo Jumanne baada ya mapumziko, kimoja Jumatano asubuhi, kimoja Ijumaa kabla ya swala. Kila kipindi dakika 40.

26 Januari. Kuhesabu, mara mbili

Jaribio la kwanza lilikuwa lile la kila shule: monita aandike wapiga kelele. Lilidumu siku tatu. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshajua bei. Jina linafutwa kwa andazi moja, na kwa soda linaandikwa la adui yako. Orodha ya tatu ilikuwa na jina la mtoto ambaye hakuja shule wiki nzima.

Nikaanza kuhesabu mwenyewe. Nyuma ya andalio la somo, kila niliponyamaza kwa sababu ya fujo nilipiga mstari mmoja, na pembeni herufi ya kilichokuwa kinaendelea. Inachukua sekunde moja, na wanafunzi wanadhani unasahihisha andalio.

Wiki ya kwanza kamili nilisimama mara 52. Mara 21 wakinakili notisi ubaoni. Mara 17 ndani ya dakika moja baada ya kumwambia mtu asome au ajibu. Mara 9 tukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Nikiwa nimeshika kitu mkononi, kwa mfano kalamu niliyoisugua kwenye nywele ili inyanyue vipande vya karatasi, mara 5 tu.

Nilikuwa na uhakika kwamba mkosaji ni njaa na joto la saa tano, lakini mistari ya Jumatano asubuhi haikupungua sana kuliko ya Jumanne. Takwimu zilikuwa zinanionyesha kitu, nami nikazisoma vibaya. Nilijiambia: wanakaa pamoja, wanachochezana. Tenganisha.

9 Februari. Viti

Niliwatawanya wote kumi na mmoja, mmoja kila safu, kila mmoja katikati ya wanafunzi watulivu. Wiki iliyofuata nilisimama mara 61. Nilikuwa nimechukua makaa ya jiko moja nikayagawa nyumba kumi na moja.

Aliyeumia zaidi ni msichana niliyemweka jirani na kijana ninayemwita Konda, kwa sababu ana sauti ya kupakia abiria. Msichana hakulalamika kwangu. Alimwambia mama yake, mama akaja shuleni, na hoja yake ilikuwa moja: "Mwalimu, mwanangu amegeuzwa ukuta wa kuzuia kelele." Sikuwa na jibu. Nikarudisha viti baada ya siku nane.

Faida ilikuwa moja, na ni ya bahati. Mmoja wa wale kumi na mmoja, alipokaa meza ya pili kutoka mbele, alinyamaza kabisa. Siku zote nilidhani anapiga soga. Kumbe alikuwa akimuuliza jirani kila neno la ubaoni kwa sababu halioni. Amebaki mbele na mzazi ameambiwa ampeleke kupimwa macho. Kwa anayetaka kuiga: kabla ya jambo lolote, mwambie kila mtoto wa nyuma asome tarehe uliyoiandika ubaoni. Ni dakika tano. Mimi nilitumia mwezi.

Gharama: sifuri kwa fedha.

23 Februari. Kalamu, halafu magoti

Nilinunua boksi la kalamu hamsini kwa shilingi 10,000. Anayejibu swali bila kuvuruga anapata kalamu. Wiki ya kwanza kalamu 14 zilitoka na 12 zilikwenda safu mbili za mbele, kwa watoto ambao wangejibu hata bila kalamu. Wiki ya pili Mwisho wa Reli waligundua biashara: wanamsukuma mmoja anyooshe mkono, anajibu chochote, anadai chake, kisha zinauzwa Kidato cha Kwanza kwa bei ya kutupa. Nilipokataa kutoa kalamu kwa jibu la ovyo, kelele zikawa za madai. Kalamu zilizobaki nimezifungia kabatini, ni za mitihani.

La pili ni langu na silifichi. Jumanne ya tarehe 20 nilichoka. Nikamtoa Konda nje apige magoti, na nikamsahau huko vipindi vyote viwili, dakika 80 nzima. Kesho yake alirudi hajui hata kichwa cha mada, na kwa kuwa hajui, akafanya anachokijua. Jumatano ile pekee mistari ilikuwa 19, mingi zaidi ya kipindi chochote tangu nianze kuhesabu. Nikaangalia kitabu cha adhabu upya na kukiona kwa jicho jingine: kila mstari ulikuwa pia kipindi alichokikosa. Tulikuwa tunamtoa darasani kwa sababu haelewi, na haelewi kwa sababu tunamtoa.

8 Machi. Aya moja

Nilirudi kwenye hesabu za Januari, kwenye zile fujo 17 zinazokuja pindi nikisema "soma". Safari hii nikazifuata.

Nilimwita kila mmoja wa wale kumi peke yake, mchana, chini ya mwembe, mbali na masikio ya wenzake. Niliwapa aya ya mistari sita kutoka kitabu chao cha Fizikia cha Kidato cha Kwanza, kwa Kiingereza, kisha aya ya Kiswahili ya urefu huohuo. Saba hawakuweza kusoma ile ya Kiingereza hata kwa kuunga silabi hadi wakaeleweka. Wawili kati ya hao walikwama hata kwenye ile ya Kiswahili. Tausi, binti anayetukanana na kila mtu, alisoma zote mbili vizuri, hivyo tatizo lake ni jingine. Spoku, fundi baiskeli wa mtaa, alisoma kwa kukisia mwanzo wa neno kisha akalimalizia kwa neno jingine analolijua.

Kwa asiyefahamu mfumo wetu: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari ya Kidato cha Kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Anayeogopa kuchekwa akisoma hukohoa, huangusha daftari au humchokoza jirani ili mwalimu ahamie kwenye kosa la nidhamu. Kutolewa nje kwa ukorofi kuna heshima yake. Kukwama kwenye neno "through" mbele ya wasichana thelathini hakuna. Konda aliniambia hivyohivyo, kwa maneno machache zaidi: "Bora fimbo, Madamu."

Konda huyo nilikuwa nimeanza naye jambo jingine: dakika mbili kila siku, siku kumi, mazungumzo ya kitu chochote isipokuwa masomo na nidhamu. Siku ya kwanza aliposikia namwita alisema, "Shikamoo Madamu, nimefanya nini?" Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilikosea, nikateleza na kumuuliza habari ya daftari, akafunga mdomo na ikabidi nianze kuhesabu upya. Siku ya sita ndipo aliposema kwamba anauza mayai na karanga stendi ya Msamvu hadi saa nne usiku. Hapo nikaelewa sauti yake inatoka wapi, na kwa nini Jumatano asubuhi huwa analala hadi fujo imwamshe.

Msitarajie muujiza hapa. Baada ya siku kumi alikuwa bado mkorofi, ila akawa ananisalimia kwanza.

22 Machi. Maneno ukutani

Nilianza na maneno kwa sababu ndiyo yanayowakwamisha. Tulikuwa kwenye umeme tuli. Nimefundisha wiki sita nikisema "charge", na nilipouliza maana yake, darasa zima likasema ni kile unachokifanya kwenye simu ikiisha moto. Wiki sita walikuwa wakijiuliza kalamu inachajiwa na waya upi.

Kubwa zaidi ni "nguvu". Waulize wanafunzi wa Kiswahili maana ya "force", "energy" na "power", wote watakujibu nguvu, nguvu, nguvu. Ndiyo maana kila swali la hesabu walikuwa wakiokota kanuni ya kwanza wanayoikumbuka. Nilibandika manila sita. Kila neno la Kiingereza lina neno lake la Kiswahili, mchoro na sentensi moja fupi: kani ndiyo inayosukuma au kuvuta, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nguvu ni jinsi kazi inavyofanyika upesi. Michoro walichora wao. Tausi anachora vizuri kuliko kitabu, na kwa siku mbili alizokuwa na maka peni mkononi hakumtukana mtu.

Kisha nikabadili mpango wa kipindi: wanajadili wanne wanne kwa Kiswahili, wanakubaliana jibu, halafu wanaliandika pamoja kwa Kiingereza wakitumia maneno ya ukutani. Notisi nimezipunguza hadi mistari minane kwa kipindi. Hakuna anayesomeshwa kwa kushtukizwa. Anayetaka kusoma ananiambia tangu jana, naye anapata mistari yake akaifanyie mazoezi.

Mkuu wa shule alipita dirishani, akasikia Kiswahili, akaniita. Alikuwa na haki: lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na mdhibiti ubora akija atauliza hilo. Nilimwonyesha madaftari mawili ya mwanafunzi mmoja, la Februari na la wiki hii. La Februari lilikuwa nakala ya ubao yenye makosa. La wiki hii lilikuwa na sentensi nne za Kiingereza kibovu lakini zake mwenyewe. Akasema niendelee mradi kinachoandikwa kiwe Kiingereza. Sikuomba zaidi.

Mistari wiki hii: 29. Ramadhani imeanza, na Ijumaa wengi wamefunga na sauti zao zimelegea, hivyo sijisifu bado.

Gharama: manila sita 6,000, maka peni mbili 3,000.

19 Aprili. Masika

Wiki mbili hazina maana kuziandika. Mvua ikipiga bati, hata ukipiga yowe hawakusikii. Niligawa maswali kwenye vikaratasi na kila kundi lilijibu kwa maandishi. Darasa lilikuwa kimya kuliko wakati wowote, ila kipimo changu kimeharibika: huwezi kusimamishwa na fujo usiyoisikia. Sihesabu tena siku za mvua.

17 Mei. Betri sita

Umeme mkondo. Maabara yetu ina vifaa vya kundi moja, na vimefungiwa kwa ajili ya Kidato cha Nne. Nikanunua betri kubwa za redio 16, balbu za tochi 10 na waya mita sita. Makundi manane, kila moja betri mbili, balbu moja na vipande vya waya. Hakuna ammita, hakuna vishikizo. Waya unaushikilia kwa kidole na selotepu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa vurugu na ndicho kipindi bora nilichowahi kufundisha 2B. Balbu ya kwanza ilipowaka Mwisho wa Reli, walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuamua ugomvi. Hapo nikaona kipimo changu kina kasoro ya pili. Mistari ilikuwa 38, lakini zaidi ya nusu ni kelele za kazi. Tangu siku hiyo naandika aina mbili, nyota kwa kelele inayohusu somo na mstari kwa isiyohusu. Aliyehesabu bila kutenganisha angesema vifaa vimeharibu darasa, akavirudisha kabatini.

Makosa yalikuwa mawili. Mosi, sikuwaonya juu ya kuunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Kijana mmoja alifanya hivyo, akaushika waya ili wenzake waone ujasiri wake, akaungua kidole. Malengelenge madogo, maji ya baridi, na mzazi kupigiwa simu siku hiyohiyo. Sasa hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kabla ya kugawa kitu: waya ukipata moto, achia.

Pili, nilitoa betri 16 na zikarudi 10.

Ofisini ushauri ulikuwa kupekua mifuko. Niliwaambia darasa kwamba boksi tupu la chaki litakaa nyuma ya mlango hadi Ijumaa na sitalitazama. Zikarudi mbili. Nne zimekwenda, pengine zinaimba kwenye redio ya mtu. Nimenunua sita, nne za kuziba pengo na mbili za akiba.

Kilichoziba tundu ni kuandika. Kila kundi lina namba na lina mtunza vifaa anayesaini kupokea na kurudisha, na kazi inazunguka kila wiki. Mtunza kabati wa darasa zima ni Konda. Hapa niwe mkweli: mwezi wa tatu nilishamjaribu kama monita msaidizi, kwa imani ileile ya kumpa mwizi ulinzi, na ndani ya siku mbili alikuwa anawachapa wenzake kwa rula. Cheo kilimpa mamlaka juu ya watu. Ufunguo unampa mamlaka juu ya betri, na betri haziumii. Stendi amezoea kuhesabu mayai ya watu na kurudisha hela kamili. Hesabu yake kabatini haijawahi kukosea.

Gharama: betri 16 kwa 11,200, balbu 5,000, waya 4,800, betri sita za pili 4,200, kufuli 5,000.

31 Mei. Mtihani wa muhula

Kwa ufupi. Wastani wa darasa umepanda kidogo, hakuna wa kupigiwa vigelegele. Mwezi wa Februari Konda alikuwa na alama 8, sasa ana 21. Wawili wasiojua kusoma Kiswahili hawajasogea hata alama moja. Kamusi ya ukutani haimsaidii asiyeweza kuisoma. Nimemwomba mwalimu wa Kiswahili awachukue nusu saa baada ya masomo, siku tatu kwa wiki. Amekubali, na nimemwahidi kumsahihishia madaftari ya seti moja. Hilo nalo ni gharama.

19 Julai. Baiskeli

Mada: mashine sahili. Wakati wa likizo nilimtembelea Spoku kibandani kwake, nikamkuta anafungua gurudumu huku akiimba. Nikamwomba alete baiskeli darasani. Akauliza kama nitamlipa. Nikasema hapana, ila atafundisha yeye. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Jumanne aliingia nayo mlangoni, akaigeuza magurudumu juu mbele ya ubao, akaomba bisibisi ya shule na kufungua kifuniko cha mnyororo. Akamwambia Tausi ahesabu meno: 44 mbele, 18 nyuma. Spoku akazungusha pedali mzunguko mmoja na darasa likahesabu gurudumu kwa sauti: mara mbili na karibu nusu.

Kitabu kinafundisha kwamba mashine hurahisisha kazi kwa kupunguza kani unayotumia. Tukagawa meno ya gia inayosukumwa kwa ya inayosukuma, 18 kwa 44, tukapata 0.41. Chini ya moja. Darasa likasema nimekosea, kwa sababu mifano yote waliyonayo inatoa namba kubwa kuliko moja. Spoku, ambaye asingeweza kukusomea ukurasa ule, ndiye aliyewajibu: "Baiskeli haikupi nguvu. Inakula nguvu, inakupa mwendo." Nikamwelekeza ukutani bila kusema neno. Akatazama, akajisahihisha: "Inakula kani."

Tausi akauliza, mbona mlimani tunashuka tukaikokota? Nikanyamaza. Wakabishana dakika kumi na moja, nimeangalia saa, na mwisho wakafika wenyewe: namba ile haibadiliki mlima ukija, kwa hiyo kani inayotakiwa inazidi miguu yako.

Nyota ishirini na mbili siku hiyo. Mistari miwili, na mmoja ni wa mbuzi aliyeingia.

Bisibisi Spoku aliondoka nayo, kuna nati iliyobaki.

16 Agosti. Nane Nane

Kila mwaka maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki yanafanyika hapa Morogoro, na kila mwaka darasa linapungua. Wiki ya maonyesho walikuwa 41. Wanauza maji, miwa, wanalinda pikipiki. Wamerudi karibu wote.

Spoku hajarudi. Nimekwenda nyumbani mara mbili, mara ya pili pamoja na afisa elimu kata. Baba yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akasema kijana sasa anaingiza hela ya chakula kila siku na shule haijamwonyesha kitu kama hicho. Ada imeondolewa tangu 2016, lakini ada haikuwa tatizo la nyumba ile. Spoku mwenyewe alisema atakuja Jumatatu, na Jumatatu hakuja.

Nimejiuliza kama siku ile ya baiskeli ndiyo iliyomhakikishia kwamba anachokijua kinatosha. Sijafuta kilichoandikwa hapo juu.

Gharama: bodaboda, 8,000 kwa safari zote za nyumbani hadi sasa.

13 Septemba. Tochi

Mwendo katika mstari mnyoofu. Tulipima mita 50 pembeni mwa barabara kwa utepe wa fundi, jiwe hapa na jiwe pale, nikatoa simu yangu iwe saa, tukaanza kupima kasi ya bodaboda. Konda alisimama kwenye jiwe la kwanza na kunyoosha mkono kila pikipiki ikipita, kundi la pili likiwa limeelekeza simu barabarani.

Majibu ya siku ya kwanza: kila bodaboda wa Morogoro anaendesha kilomita 20 kwa saa kama anayebeba maiti. Ilituchukua nusu kipindi kuelewa. Walikuwa wanaona watu wamesimama, mmoja ananyoosha mkono, mwingine ameshika kitu kinachowaelekea, nao wakadhani ni trafiki na tochi. Mmoja aligeuza kabisa.

Tukarudia Ijumaa tukiwa tumekaa chini ya mti kama wanaosubiri usafiri, Konda akitoa ishara kwa kuvua kofia. Sasa zikaja sekunde 4, sekunde 3.2. Walikokotoa wenyewe, 45 na 56 kwa saa, na bila kuagizwa wakaanza kubishana nani amezidi 50 za mjini. Kosa lile la siku ya kwanza lilifundisha zaidi ya mada: nikiwauliza sasa kwa nini vipimo hupotosha, hawataji macho wala utepe. Wanasema, "Kinachopimwa kimekuona."

Treni ya SGR imeanza kufika hapa tangu Juni, na Konda ana kinyongo nayo kwa sababu abiria wa stendi wamepungua na mayai yanarudi nyumbani. Nikawapa kasi yake ya juu, kilomita 160 kwa saa, wapate muda wa kukatiza mita zetu 50. Konda alimaliza wa kwanza Mwisho wa Reli: sekunde 1.1. Akaongeza chini ya jibu, kwa Kiingereza chake, kwamba kwa muda huo huwezi kumuuzia mtu hata yai moja. Nimempa alama ya jibu. Ya nyongeza sikujua niiweke wapi.

25 Oktoba. Kabla ya upimaji

Mistari wiki hii 13, nyota 40. Kumi na tatu bado ni nyingi, na kumi kati ya hizo ni wale wawili wa kusoma. Mmoja sasa anasoma aya ya Kiswahili taratibu lakini kwa ukamilifu. Mwingine bado anakohoa. Tausi anatukana pale tu anapopewa kundi asilolitaka. Nimejaribu kumwacha achague, na wenzake wakasema ninambeba. Konda kwenye jaribio la mwisho ana 34, daraja la D. Kwa upimaji wa kitaifa D ni kufaulu somo, na kwa anayelala saa sita usiku siwezi kuahidi kitakachotokea siku yenyewe.

Jina lake halijaingia kitabu cha adhabu tangu Mei.

Jumla ya fedha: 57,200. Kati ya hizo 10,000 za kalamu ni hasara tupu. Ningeanza upya leo, ningetumia wiki ya kwanza kwa macho na kusoma, kabla ya kugusa kiti chochote.

Leo Konda amekabidhi kabati. Ameandika karatasi mwenyewe, nainakili kama ilivyo: betri 18, nne zimekufa. Balbu 9. Waya vipande 16. Kufuli 1, ufunguo 1. Bisibisi iko kwa Spoku, nitaifuata Jumamosi.